Mtoto wa Mbwa Katika Nyumba ya Kupanga

Mtoto wa mbwa anayeletwa katika nyumba ya kupanga huingia mahali pawili kwa mara moja: chumba cha mwenye kumfuga, na ua wa wapangaji wote. Kitswamba, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, kama ilivyo Hima, Kasese mjini na Bwera, wapangaji wengi huishi katika vyumba vilivyoungana mstari mmoja chini ya paa la mabati, nao hutumia pamoja uwanja, bomba, choo na kamba za kuanikia nguo. Kukiandaa chumba chenyewe ni kazi ya siku moja. Kinachotaka muda, na ambacho mara nyingi huamua kama kilebu huyo atafikisha mwaka, ni ua: udongo wake, vilivyomo ndani yake, na watu wanaoutumia.

Kwa hiyo ruhusa hutangulia. Mwenye nyumba akubali kabla mbwa hajafika, na majirani waulizwe mmoja mmoja, kwa sababu aliyeulizwa huvumilia mlio wa usiku zaidi kuliko aliyeshtukizwa nao. Ikiwa miongoni mwao kuna Waislamu, yako mambo ya kupangwa mapema. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini haikatazi kufuga mbwa wa ulinzi wala wa mifugo. Inachotaka ni kwamba mate yake yasifike kwenye vyombo, nguo na mahali pa kuswalia. Katika ua wenye bomba moja, hilo lina maana ya mbwa kuwa na bakuli lake linalooshewa kando, na kufungwa au kuwekwa ndani wakati majirani wanapotawadha na kuosha vyombo. Wakubaliane pia nani atalipa kifaranga kitakachokamatwa, maana siku hiyo itakuja. Makubaliano yakifanyika mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, huwa na uzito zaidi kuliko maneno ya mlangoni.

Umri wa kumtoa kwa mama yake ni wiki nane hivi. Wauzaji wengi humtoa mapema, akiwa na wiki nne au tano, kwa kuwa wakati huo anapendeza na hajaanza kuwagharimu chakula kingi. Ni kosa linalomwandama mbwa maisha yake yote. Katika wiki hizo za mwisho mama na ndugu zake humfundisha kung'ata kwa kiasi: anayezidisha hupigiwa kelele na kuachwa peke yake. Aliyetolewa kabla ya somo hilo huja kujifunzia kwenye mikono ya watoto wa nyumba. Anayekwenda kumchukua aulize tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya dawa ya minyoo, na chakula anachokula sasa, kisha amtazame mama mwenyewe. Mama mkali kupita kiasi au mwenye hofu nyingi ni dalili inayofaa kuzingatiwa.

Hatari za chumba huonekana vizuri zaidi kwa mtu anayepiga magoti sakafuni na kutazama kutoka hapo. Sigiri yenye makaa hukaa chini, tena mara nyingi mlangoni. Inyanyuliwe juu ya tofali au iwekewe kizuizi. Waya wa chaja ya simu uning'inizwe juu, kwa sababu kuanzia miezi minne hadi sita meno ya utotoni 28 hung'oka na kupisha ya ukubwani 42, na katika kipindi hicho mbwa hutafuna chochote kinachofikika. Mafuta ya taa, sabuni ya unga, dawa za shambani na betri kuukuu ziondoke chini ya kitanda. Sumu ya panya iondoke kabisa. Kuisogeza pembeni hakutoshi, kwani panya akiila na kufa uani, mbwa akimla panya huyo naye anaweza kudhurika.

Wilaya ya Kasese ina hatari zake mahususi. Kahawa hulimwa katika miteremko ya Rwenzori, na nyumba nyingi huianika buni uani juu ya turubai. Kafeini iliyo ndani yake huuharakisha moyo wa mbwa, huleta mtetemeko na degedege, na kwa kilebu wa kilo mbili kiasi kidogo tu kinatosha kumuua. Vitunguu, vinavyolimwa pia katika mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu vingi si chakula chake. Choo cha shimo ni hatari nyingine isiyotajwa sana. Tundu ambalo mtoto wa binadamu halimtoshi linamtosha kilebu, hivyo kifuniko chake kiwepo na mlango ufungwe. Pipa na beseni la maji navyo vifunikwe. Kwa mkaaji wa ghorofa, vyuma vya roshani vifungiwe wavu kwa chini, kwani palipo na nafasi ya kichwa cha kilebu kwa kawaida mwili nao hupita.

Kisha kuna joto. Tambarare ya Kasese iko chini ya milima, kwenye kina cha Bonde la Ufa, na chumba cha mabati kisicho na dari huwaka saa za mchana. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hujipoza hasa kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Mahali pake pa mchana pawe penye kivuli na upepo, karibu na maji safi yanayobadilishwa mara mbili au zaidi kwa siku, na asifungiwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Sakafu ya vigae au saruji iliyosuguliwa ina ubaridi mzuri lakini inateleza, na viungo vya mbwa anayekua haraka huumia kwa kuteleza kila siku. Gunia lililofunguliwa likatandikwa linatosha.

Malazi yenyewe yawe ya kufulika: kitenge kuukuu au blanketi jepesi ndani ya boksi au kizimba cha mbao. Godoro la sponji litatafunwa na kumezwa. Kufua peke yake hakutoshi pia, kwa sababu sehemu hizi zina nzi ambaye wengi humwita nzi wa maembe. Hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kinyesi uliopo kivulini, au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na mabuu yake huingia ndani ya ngozi, yakanenepa humo kwa muda wa siku nane hadi kumi na mbili. Vilebu hushikwa nayo sana, tumboni na miguuni, na anayelala kwenye mchanga anaweza kubeba uvimbe mwingi kwa pamoja. Matandiko yaanikwe juani kabisa, yapigwe pasi ya moto pande zote mbili, na mahali pa kulala pawe juu ya mbao au saruji. Uvimbe wenye tundu katikati hufunikwa kwa mafuta mazito ili buu likose hewa, kisha hubanwa taratibu kutoka pembeni. Funza naye hukaa katika vumbi hilohilo, kwa hiyo uwanja unaofagiliwa na kunyunyiziwa maji humkinga mbwa pamoja na watoto.

Haja kubwa na ndogo zipangiwe mahali tangu saa ya kwanza. Kilebu wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili au tatu, hata afundishwe vipi. Atolewe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na walau mara moja katikati ya usiku. Apelekwe kona ileile, na akimaliza hapo asifiwe papo hapo. Akikojoa ndani, paoshwe kwa sabuni na siki ili harufu isimrudishe. Kumpiga au kumsugulia pua kwenye mkojo, kama wengi wafanyavyo, humfundisha jambo moja tu: kujificha wakati wa kwenda haja, na hapo kazi inakuwa ngumu maradufu. Kinyesi kizolewe kila siku na kutupwa kwenye choo cha shimo. Mayai ya minyoo ya mbwa yakikaa udongoni hukomaa, na watoto wanaochezea hapo huyameza; kwa baadhi yao mabuu husafiri hadi kwenye ini au jicho.

Chakula kinaweza kutoka sokoni. Posho peke yake hushibisha bila kukuza, na kilebu wa posho tupu hutambulika kwa tumbo kubwa na miguu iliyopinda. Ichanganywe na mukene (dagaa) iliyochemshwa, yai, maharage yaliyoiva sana au nyama, bila vitunguu na bila chumvi ya kuongeza. Alishwe mara tatu au nne kwa siku hadi miezi minne, kisha mara mbili. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa na miiba ya ngege hupasuka na kuchoma koo au utumbo. Matumbo mabichi kutoka machinjioni yasitolewe kabisa, kwani ndiyo njia ambayo mbwa hupata minyoo tegu midogo inayosababisha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, maradhi yaliyowatesa sana Waturkana wa kaskazini mwa Kenya.

Vimelea vya maradhi yanayoua vilebu wengi havionekani kwa macho. Parvo, iliyotambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi, huleta kutapika na kuharisha damu, na virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi. Nyumba ambayo mbwa alikufa kwa kuharisha damu mwaka uliopita isilete kilebu asiyechanjwa. Sakafu na vyombo vyake vioshwe kwanza uchafu utoke, halafu vilowekwe kwa dakika kumi katika maji ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji. Udongo wa uwanja hautakasiki kwa njia hiyo. Distempa nayo hushambulia mapafu na ubongo, na haiishii kwa mbwa. Mwaka 1994 iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu wakaihusisha na mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi. Kasese imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth yenye simba wake, kwa hiyo chanjo ya mbwa mmoja wa kijijini ina maana nje ya ua pia.

Chanjo ya parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Kurudia huku ndiko watu wanakokuacha, wakidhani sindano moja imetosha. Haitoshi, kwa kuwa kinga aliyonyonya kwa mama huweza kuizima chanjo ya mapema, na hakuna ajuaye ni wiki ipi kinga hiyo itakwisha. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia wiki ya pili, kila wiki mbili hadi wiki ya kumi na mbili. Kupe waondolewe kwa mkono na kwa dawa iliyoandikwa kuwa ya vilebu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, inayopatikana kwa wafugaji wengi wa Busongora, inaweza kumuua mbwa mdogo.

Katika ratiba hiyo ya chanjo hutokea mgongano wa kweli. Kilebu asiyemaliza chanjo hapaswi kukanyaga udongo wanaopita mbwa wengine. Lakini wiki ya tatu hadi ya kumi na nne hivi ndiyo nafasi yake ya kuzoea dunia, na asichokizoea wakati huo huweza kukiogopa daima. Jibu ni kumbeba. Mkononi au ndani ya kikapu, aone bodaboda, malori ya barabara ya Fort Portal, wanafunzi wenye sare, mzee mwenye mkongojo, mbuzi na kuku, kila siku kidogo, bila kuwekwa chini. Mbwa aliyefungiwa nyuma ya nyumba utotoni huweza kuja kuwakimbiza waendesha baiskeli akiwa mkubwa.

Usiku wa kwanza atalia. Ametengwa na joto la ndugu zake, na boksi lake likiwekwa kando ya kitanda cha mfugaji, pamoja na kitambaa kilicholaliwa na mama yake, kilio hupungua baada ya siku chache. Kumfungia nje siku hiyo kunamtia hofu na kuwaamsha wapangaji wote.

Sindano ya kichaa cha mbwa hudungwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na hapo ndipo pasipo na mjadala. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Anayeng'atwa, hata na kilebu anayecheza, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, iwe Bwera, Kagando au Kilembe. Na ambaye bado hajajua daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yake anapatikana wapi na chanjo zinagharimu kiasi gani, hajawa tayari: amtafute daktari kwanza, ndipo aende kumchukua mbwa.