Risasi Haiozi

Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Kisaki ya Morogoro ilipigwa risasi kwa siku mbili. Vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Smuts viliteremka kutoka milima ya Uluguru kwa njia mbili, kimoja chini ya Brits, kingine chini ya Nussey, na habari hazikupita kati yao. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akampokea wa kwanza tarehe 7, wa pili tarehe 8, akawarudisha wote wawili. Siku chache baadaye naye akaihama Kisaki. Baadhi ya askari wake walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zile za baruti ya moshi, zinazotema kipande kinene cha risasi cha milimita 11. Vipande vilivyokosa watu vilizama ardhini, na vingali humo.

Nasema vingali humo bila kwenda kuchimba, maana risasi haina pa kwenda. Mti huoza, mfupa husagika, chuma huliwa na kutu hadi kikawa vumbi jekundu. Risasi hujivika ganda jeupe la kaboneti, ikatulia. Lugha yetu iliona mapema: metali na kile kinachoua vimepewa jina moja.

Vipande vichache vya vita vilivyotawanyika porini havinitishi. Kinachonikosesha raha ni risasi ya betri, kromu ya ngozi, oili chafu ya gereji na viuatilifu vya ghala lililoanguka, vitu vilivyobaki chini ya viwanja ambavyo leo mtu anaweka beko na kuanza msingi. Anayenunua kiwanja huuliza kwanza hati, kisha bei, kisha umbali wa barabara. Udongo hauulizwi neno.

Kisaki ni mahali pa reli ya TAZARA, mashamba na tembo wanaoyavamia. Mto Mgeta unaoipitia hutoka milima ileile ya Uluguru inayouzaa Ngerengere. Mgeta huzunguka kusini katikati ya mashamba. Ngerengere hukatiza mji wa Morogoro, ambako miaka ya 1970 na 1980 taifa lilijenga viwanda kama vile hakuna kesho: ngozi, turubai, viatu. Kile cha viatu, cha mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kuivisha Ulaya. Kilijengwa kwa kuta za alumini bila njia ya hewa, katika joto la Morogoro, na mwaka 1990 kikafungwa. Mito hiyo miwili hatimaye humwaga maji yake Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Kwa hiyo ardhi ya kiwanda cha zamani cha Morogoro si habari ya Morogoro peke yake.

Chukua ngozi. Ngozi mbichi huloweshwa kwenye chokaa ili nywele zitoke, halafu hutiwa chumvi za kromu ili isioze. Kromu inayotumika ni kromu ya tatu, na hiyo ni mpole: kwenye udongo usio mchachu hushikamana na udongo wa mfinyanzi, haiyeyuki kirahisi, haitembei mbali. Tatizo ni nduguye, kromu ya sita, inayoyeyuka majini, kupenya hadi kisimani na kusababisha saratani kwa anayevuta vumbi lake. Hizo ni sura mbili za kitu kimoja. Manganizi iliyomo udongoni inaweza kuibadilisha ya tatu kuwa ya sita polepole. Moto pamoja na chokaa hufanya hivyo haraka zaidi. Ndiyo maana mtu anayesafisha uwanja wa kiwanda cha ngozi kwa kukusanya mabaki na kuyachoma anaweza kuuacha ukiwa na sumu kali kuliko alivyoukuta. Kwa macho, uwanja umependeza.

Mafuta ni afadhali, na hili huwashangaza watu. Sheli ya zamani yenye tangi lililotoboka chini ya ardhi inanuka na inatisha, lakini petroli na dizeli ni chakula cha bakteria. Wape hewa, unyevu na samadi kidogo, geuza udongo kila baada ya muda, na katika joto la nyanda za chini kama Kisaki watamaliza kwa miezi kazi ambayo kwenye baridi ingechukua miaka. Sharti ni kwamba mafuta yasiwe yameshafika kwenye maji ya chini. Petroli huelea juu ya maji, na benzini iliyomo huyeyuka na kusafiri nayo. Hapo kisima cha jirani ndicho kinachopata habari kwanza. Oili chafu ya gereji nayo ina jambo la ziada: bakteria watakula oili, vumbi la metali kutoka kwenye injini watalibakiza.

Viuatilifu vya zamani viko kati ya hayo mawili. Mwaka 1986 Ugiriki iliipa Tanzania msaada wa takriban tani 170 za viuatilifu, sehemu yake vikiwa vimekwisha muda, vikahifadhiwa kwenye banda la wazi katika shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, mahali palipokuwa panalimwa majani ya malisho. Banda likaanguka. Mvua ikafanya kazi yake. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima, walikuta DDT na HCH nyingi kiasi kwamba udongo wenyewe ulistahili kuitwa taka hatarishi. DDT haiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, kwa hiyo hung'ang'ania udongo, huingia kwenye maziwa na nyama, na ikivunjika huzaa DDE, ambayo ni sugu kuliko mzazi wake. Msaada ulikuwa wa bure. Kuusafisha si bure: sumu za namna hiyo zilizokusanywa sehemu mbalimbali za Afrika zilipakiwa upya na kupelekwa Ulaya kuchomwa kwenye tanuri za joto la nyuzi zaidi ya elfu moja. Huo ndio uchumi wa zawadi.

Na risasi? Kutoka Kisaki twende pwani, Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kuwa mwanawe ana risasi kwenye damu, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 na udongo usafishwe ndani ya miezi minne. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha mwishoni mwa 2024. Hesabu miaka kati ya kufungwa kwa kiwanda na hukumu hiyo ya mwisho. Miaka yote hiyo watoto wanacheza mchangani, na mtoto hutia mkono mdomoni. Mwili wake hauijui risasi. Huidhania kuwa kalisi, ukaipeleka kwenye mifupa na ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Kusafisha risasi kuna njia tatu, na zote zina kasoro. Kuchimba udongo na kuupeleka kwingine ni kumhamishia mtu mwingine tatizo, labda uwe na dampo lililojengwa kwa kazi hiyo. Kuufunika kwa udongo safi au zege kunafaa, hadi mtu achimbe shimo la choo. Ya tatu ndiyo inayonifurahisha: kuifunga risasi kwa fosfeti, igeuke madini magumu ambayo tumbo haliwezi kuyayeyusha. Huko Oakland, California, wakala wa mazingira wa Marekani walichanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye bustani za mtaa mzima mwaka 2011. Mifupa tuliyo nayo Mwanza na Kigoma ni mingi, lakini usikimbilie kuimwaga uani; dozi hutegemea udongo, na lazima upime kabla na baada.

London, kabla ya Olimpiki ya 2012, walijenga hospitali za udongo: mitambo ya kuchuja na kuosha ardhi ya viwanda vya zamani vya Stratford, kisha sehemu kubwa ya udongo ikarudishwa palepale. Walikuwa na pesa. Tusio nazo tuna akili nyingine, ya kupanga matumizi kulingana na hali ya ardhi. Uwanja wenye metali chini unaweza kuwa ghala lenye sakafu ya zege, au maegesho ya malori. Usiwe shule ya chekechea wala bustani ya mchicha. Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa udongo za 2007 zinatoa nguvu ya kuuliza. Anayebadili matumizi ya kiwanja bila kupima udongo ameruka swali, hajalijibu.

Ila jambo hili lisifanywe kwa amri. Kwenye njia ya Kisaki kwenda Morogoro mjini iko Matombo, ambako mwaka 1955 Waluguru walikataa kulazimishwa kukata matuta ya ngazi milimani, na wakoloni wakaacha mpango. Wataalamu wa udongo walikuwa na hoja. Hawakuwa na masikio.

Basi ukitaka kiwanja karibu na stesheni ya Kisaki, mtafute mzee wa mtaa umuulize palikuwa na nini: gereji, sheli, fundi betri, ghala la dawa. Chimba futi mbili, utazame na unuse. Ukiwa na shaka, chota udongo sehemu tano, uchanganye, upeleke maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na useme wazi kwamba unataka metali nzito, maana kipimo cha kawaida cha shamba huangalia uchachu, naitrojeni, fosforasi na potasiamu tu. Kilo moja inatosha. Kwenye basi unaipakata.