Mwanaisha Si Mwanaidi

Msomaji wa Muheza anauliza: kadi ya kliniki ya mama yake inasema Mwanahamisi, daftari la wodini Mwanakhamis. Je, kompyuta itajua kuwa ni mtu mmoja?

Itajua, ikipangwa vizuri. Namba ya NIDA ingemaliza ubishi, lakini si kila mtu anayo, basi tuiache. Utamu uko kwenye uoanishaji wa rekodi (neno zito, ila “kuunganisha” nawaachia mafundi bomba), ambao hesabu yake ilichapishwa mwaka 1969 na Ivan Fellegi na Alan Sunter, watakwimu wa Kanada.

Simama stendi ya Muheza, umtafute mtu mmoja kati ya 1,024. Umeambiwa ni mwanamke: nusu ya watu wanaondoka, umepata pointi 1. Baba yake ni Saidi, na tuseme katika kila watu 8 mmoja ni mtoto wa Saidi: umati umekatwa nusu mara tatu, pointi 3. Sasa utajiwe jina ambalo pale stendi analo mtu mmoja tu. Umekata nusu mara kumi kwa mkupuo, pointi 10! Ndiyo maana jina adimu hulishinda jina la kila nyumba. Vigezo visipolingana, pointi hupunguzwa.

Tahajia nayo hupimwa kwa kanuni ya Jaro na Winkler, Wamarekani wawili. Winkler aliongeza zawadi kwa majina yenye mwanzo mmoja, hadi herufi nne. Kwetu pwani herufi hizo ni M-w-a-n! Nimepiga hesabu: Mwanaisha na Mwanaidi, watu wawili tofauti, wanapata 0.88, Mohamedi na Muhamadi, jina lile lile, 0.85. Ondoa “Mwana” kabla ya kulinganisha, na Mwanaisha na Mwanaidi wanaporomoka chini ya 0.6.

Kurekebisha vigezo namna hii si ndoto. Kisesa, wilayani Magu, watafiti waliooanisha rekodi za kituo cha afya na za wakazi kuanzia 2015 walitumia pia jina la balozi wa nyumba kumi, kigezo ambacho Kanada hakipo, na karani alithibitisha majibu mgonjwa akiwa mbele yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa TEHAMA wa halmashauri, kabla hamjawasha programu ya namna hii mkoani Tanga, zimeni kwanza zawadi ya Winkler.