Muzee akianguka, tuulize sababu kama vile ku mugodi

Muzee aliyenifundisha kufunga mukaba wa usalama ku mugodi alianguka mwaka jana, lakini si kutoka juu ya mashini. Alianguka mu lupango yake, hapa Likasi, saa nane ya usiku, akienda ku choo. Nyonga ikavunjika. Mutu aliyepanda na kushuka ngazi za chuma miaka makumi tatu bila kuteleza, akashindwa na hatua kumi na tano za kwake.

Nilipofika kumusalimia, majirani walikuwa wamekwisha kukata maneno. Mumoja alisema: "Njo buzee, tutafanya nini?" Mwingine akaninong'oneza kama kuna mutu wa jamaa anayemuroga. Nikanyamaza, lakini roho ilikataa. Ku mugodi, mutumishi akianguka, sisi wa sendika hatukubali mukubwa aandike "bahati mbaya" na kufunga kitabu. Tunauliza: chini kulikuwa namna gani? Mwangaza ulikuwako? Alivaa viatu gani? Alikuwa amechoka? Sasa, juu ya nini muzee wetu akianguka hatuulizi kitu?

Basi nikauliza. Umeme haukuwako. Pa mulango kuna ngazi moja iliyovunjika upande. Kila mutu wa nyumba anaijua, hakuna anayeitengeneza. Alivaa kandambili zilizokwisha chini. Alikuwa amemeza dawa ya tansio, akasimama kutoka ku kitanda kwa haraka, kizunguzungu kikamukamata. Na la mwisho: tangu alipoacha kazi, alikuwa anashinda paka ku kiti, toka asubuhi mpaka jua kuzama. Mapaja yalikuwa yamelegea. Sababu tano. Hakuna hata moja inayoitwa uchawi, na zote tano tungeweza kufanya kitu juu yake.

Si jambo dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linahesabu kama watu 684.000 hivi wanakufa kila mwaka juu ya kuanguka. Zaidi ya 80 ku 100 ni wa inchi zenye mapato madogo na ya katikati, kama yetu, na wenye kupita miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Huku Katanga tujihesabu wenyewe: wale watumishi zaidi ya 10.000 waliotoka Gécamines mu 2003 kwa mupango wa kuondoka kwa mapenzi, wale walio hai, wengi leo ni wazee.

Habari njema ni hii: miguu inafundishika, hata mutu akiwa na miaka 80. Mu miaka ya 1990, waganga wa Chuo Kikuu cha Otago, inchi ya Nyuzilandi, walitengeneza mazoezi ya kukaza miguu na kusimama imara, pamoja na kutembea, kwa wazee wanaokaa kwao nyumbani. Kuanguka kulipunguka karibu sehemu moja juu ya tatu. Na tangu 2020 OMS inashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya namna hiyo siku tatu kwa juma ao zaidi.

Hauhitaji mashini. Tafuta kiti kizito, kiegemeze ku ukuta, na mutoto wa nyumba asimame karibu.

Kwanza, simama kutoka ku kiti na kukaa tena polepole, mara 5, kisha siku kwa siku ufike 10. Ukiweza, usisukume na mikono.

Pili, shika meza, nyanyua visigino, simama ku vidole, shuka. Mara 10.

Tatu, weka muguu mumoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, hesabu mpaka 10. Badilisha. Mukono ubaki karibu na meza.

Ine, tembea kwa upande, kando ya ukuta, hatua 10 kwenda na 10 kurudi.

Kisha tembea mu lupango ao mu njia, kila siku kidogo zaidi. Kifua kikiuma ao kizunguzungu kikija, acha, kaa, umuone muganga. Aliyevunjika karibuni asianze bila kumuuliza.

Unataka kujua muzee wako yuko wapi? Pima metre 3. Asimame kutoka ku kiti, aende, ageuke, arudi, akae. Akipitisha segonde 12, yuko mu hatari ya kuanguka.

Vijana, ninyi pia muko na kazi. Tengenezeni ile ngazi. Wekeni toshi karibu na kitanda, na kiboboo cha usiku kama choo kiko mbali. Nunueni viatu vinavyoshika kisigino. Mufundishe muzee akae kwanza pembeni ya kitanda kabla ya kusimama. Na akianguka, asipoweza kusimama, muguu umefupika na kugeuka inje, musimuvute, musimukande. Ni nyonga imevunjika: mumupeleke ku lopitalo akiwa amelala.

Na sisi wa sendika? Tumepigania kofia, buti na mukaba. Lakini wenzetu wa pensheni tunawaacha wasimame saa tatu mu mulolongo mbele ya dirisha la malipo, bila kiti, bila chuma cha kushika pa ngazi. Ku mukutano unaokuja nitaleta maombi mawili: mabenchi, na hicho chuma. Si bei kubwa kuliko nyonga moja.

Muzee wangu leo anatembea na fimbo. Kila asubuhi anasimama ku kiti mara nane, anahesabu kwa sauti, na wajukuu wanamusahihisha akiruka namba. Ngazi ya pa mulango tuliitengeneza na mufuko mumoja wa simenti. Aliniangalia nikiikoroga, akasema: "Mwana wangu, hii kazi mungeifanya mbele."

Alisema kweli.