Taekwondo kwenye mchanga wa Igalula: miguu kwanza, mavazi baadaye

IGALULA, Uyui. Ukishuka treni ya reli ya kati pale Igalula, kabla hujafika Tabora mjini, kinachokupokea ni mchanga. Mwepesi, unaingia kwenye viatu hata hujaifikia barabara. Kwa mcheza soka ni kero ya kawaida tu. Kwa kijana anayetaka kujifunza taekwondo, mchanga huo ndio wa kuzungumzwa kwanza, kabla ya mavazi, kabla ya mkanda mweusi, kabla ya hela.

Sababu iko kwenye unyayo. Teke linalopigwa kuliko yote katika mchezo huu wa Kikorea ni dolyo chagi, teke la kuzungusha. Goti linapanda kwanza likiwa limekunjwa, nyonga inageuka, halafu ugoko unafyatuka kama kisu cha kukunja. Wakati huohuo mguu uliosimama nao unatakiwa kugeuka mpaka kisigino kimtazame mpinzani. Kwenye sakafu unageuka bila shida. Kwenye mchanga mzito unyayo umeshazama na umeshikwa, mwili unazunguka lakini mguu umegoma, na anayelipa gharama ni goti. Goti likishachanika huku kwetu, habari ya mchezo imeisha.

Kwa hiyo mchanga utumike kwa kazi zake: kukimbia, kuruka, kunyanyua magoti mpaka mapaja yawake moto. Mateke ya kuzunguka yahamie kwenye ardhi iliyoshindiliwa na kumwagiwa maji, au kwenye sakafu ya darasa baada ya vipindi, mwalimu mkuu akiridhia. Na kwenye saruji hakuna kurukaruka, maana hapo zinazoumia ni nyayo na goko.

Wengi wetu teke la Kikorea tulilijulia kwenye vibanda vya video, enzi za Best of the Best, ile filamu ya mwaka 1989 ya Wamarekani kupambana na Wakorea. Burudani ilikuwepo, sikatai. Tatizo ni kwamba filamu za namna ile zinamfundisha mtoto kuruka kabla hajajua kusimama.

Na mtu asituambie miguu hakuna. Hii ni njia ya misafara. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, kwa miguu, miongo mingi kabla reli haijaingia Tabora mwaka 1912. Ni kweli siku hizi soka ndilo limeshika mkoa, hasa tangu Kitayosce ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kuitwa Tabora United. Lakini si kila mtoto mwenye miguu mizuri ni winga.

Taekwondo iliingia Olimpiki rasmi Sydney mwaka 2000, baada ya kuoneshwa tu Seoul 1988 na Barcelona 1992. Tangu hapo Tanzania haijapeleka hata mpiganaji mmoja. Majirani wamekwenda. Kenya ilikuwa na Mildred Alango na Dickson Wamwiri kule Beijing 2008, kisha Faith Ogallo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, akaikata tiketi ya Tokyo kwenye mchujo wa Afrika uliofanyika Rabat, Februari 2020. Sisi kwenye michezo ya mapigano ya namna hii tumefika kwa judo, kupitia Andrew Mlugu, Paris 2024. Kumbe mlango upo.

Sasa kinachotubana ni nini? Jibu la haraka ni vifaa, na hapo wengi wanakosea kifaa. Wanafikiria suti nyeupe, ile doboki. Suti si tatizo, fundi cherehani yeyote wa Tabora ataishona. Tatizo ni hogu, kinga ya kifua na tumbo.

Zamani hogu ilikuwa sponji tu, nyekundu upande mmoja, bluu upande wa pili, unageuza kulingana na kona yako. Waamuzi wanaangalia, wanabonyeza kitufe, pointi inatoka. Kuanzia London 2012 Olimpiki ikahamia kwenye hogu ya elektroniki, na Rio 2016 kofia nayo ikafuata. Ndani ya hogu kuna vihisio, na mpiganaji anavaa soksi maalumu zinazotambuliwa na vihisio hivyo. Teke la mguu likigusa sehemu sahihi kwa nguvu iliyopangwa kwa uzito wako, mashine inahesabu yenyewe. Waamuzi wa pembeni wamebakiwa na ngumi na nyongeza ya mateke ya kuzunguka.

Hapo ndipo kijana wa kijijini anapoumia. Amefundishwa kupiga kwa kishindo, teke linalia paa, watazamaji wanashangilia. Ubao wa matokeo unasoma sifuri, kwa sababu alichogusisha ni ugoko au amepiga pembeni ya vihisio. Mwenzake aliyekulia kwenye mashine ananyanyua mguu wa mbele tu, anausukuma mara mbili tatu kama anayefukuza kuku jikoni, pointi zinaingia. Wapo mashabiki wa zamani wanaosema mchezo umeharibika kwa mguu huo wa mbele. Huenda. Ila kanuni ndizo hizo, na kule Paris zilikuwa hivi: ngumi ya kifuani pointi 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, la kuzunguka kifuani 4, la kuzunguka kichwani 5. Raundi tatu za dakika mbili mbili, anayechukua raundi mbili ameshinda.

Igalula haihitaji hogu ya elektroniki, na tusidanganyane kwamba itaipata. Mkoa ndio unaohitaji seti moja: hogu mbili, kofia mbili, soksi, na kompyuta ya kupokea pointi. Ikae Tabora mjini, na vijana wa Igalula, Urambo na Nzega waijaribu kabla ya mashindano, wasikutane nayo siku ya pambano kama mgeni wa mlangoni.

Kabla ya hapo kuna pumse, ile mipangilio ya hatua, mateke na ngumi bila mpinzani. Mikanda ya rangi ina mipangilio minane, Taeguki ya kwanza mpaka ya nane. Haimo Olimpiki, lakini ina mashindano yake ya dunia tangu 2006, na majaji wanatumia macho. Inahitaji nafasi, suti na mtu anayejua. Kocha mwenye simu na bando anaweza kulinganisha hatua za watoto wake na video za Wakorea, jambo ambalo kwenye kupigana haliwezekani.

Vya kununua kwanza ni vidogo: kinga ya meno kwa kila mtu, ya kwake peke yake, na kinga ya sehemu za siri. Hivyo havitengenezwi nyumbani. Pedi ya kupigia inatengenezeka kwa godoro kuukuu la sponji lililokunjwa na kufungwa kwa mpira wa ndani ya tairi. Gunia la salfeti lijazwe matambara ya mitumba, si mchanga. Mchanga unashuka chini na kugeuka jiwe, na kifundo cha mguu kitakueleza.

Hadithi ambayo ningependa kocha wa kijijini aijue ni ya Parfait Hakizimana, Mrundi. Alipigwa risasi ya mkono akiwa mtoto, mama yake akauawa katika shambulio hilohilo. Alijifunza taekwondo kwao, akakimbilia Rwanda mwaka 2015, na ndani ya kambi ya Mahama akaanza kufundisha wakimbizi wenzake, wakubwa kwa watoto. Septemba 2021 akapanda ulingoni Tokyo, taekwondo ikiingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza, akiwa kwenye timu ya wakimbizi. Medali hakupata.

Mchezo wa Paralimpiki ni wa watu wenye ulemavu wa mikono, na teke la kichwani limekatazwa. Mashine ikikukata mkono, au ukizaliwa na mkono mmoja, miguu bado inahesabiwa pointi. Kocha anayeandikisha watoto Igalula aanze kuuliza nyumba kwa nyumba: vijana hao wapo, ila hakuna anayewaita uwanjani.