Walikuja na tepu, mama mwenye nyumba akadhani wamekuja kupiga X

Mpenzi msomaji, kama umewahi kupanga chumba bondeni huna haja ya kuhadithiwa. Wewe unajua kwamba mvua ikianza kupiga bati saa nane za usiku, jambo la kwanza si kuwasha taa. Unashusha mguu kutoka kitandani kupima. Ukikuta sakafu kavu, unarudi kulala. Ukikuta maji, unaanza kuita majirani.

Mimi nimekaa Kigogo, jirani kabisa na Mto Msimbazi, kwa miaka sita. Kodi ilikuwa nafuu na mjini karibu, hata siku nauli ya daladala ilipokosekana nilikata kwa mguu hadi Kariakoo. Hiyo ndiyo siri ya bonde, jamani. Kila masika wakubwa wa maghorofani huuliza, "Hawa watu mbona hawahami?" Nao waulizwe basi: tuhamie wapi, na kibaruani tufike na nini?

Sasa sikiliza kisa. Mwaka 2018, miezi michache baada ya mafuriko ya Aprili, niko uani nafua jinzi zangu, wakaingia vijana wanne na mjumbe wetu wa shina. Wamevaa fulana za aina moja, simu mikononi, na mmoja kashika tepu kama fundi ujenzi. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele. Hata hodi hakuijibu.

"Mmekuja kupiga X?"

Usimcheke. Desemba 2015 nyumba za bondeni kule Mkwajuni na Hananasif zilipigwa X nyekundu, halafu likaja tingatinga. Tangu hapo, mtu yeyote anayeingia mtaani kwetu na karatasi lazima ajieleze kwanza.

Binti mmoja akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sisi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi. Rangi hatuna. Tunaomba tu utuonyeshe maji yalifika wapi."

Mama akamtazama weee, kisha akainuka. Akasogeza khanga iliyokuwa imetundikwa ukutani. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa tope, usawa wa kiuno. "Huu wa mwaka huu," akasema. "Ule wa 2011 nilipaka rangi, lakini ulikuwa hapa." Akajigusa kifuani.

Mafuriko hayo ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Usiku ule mama alikaa juu ya bati, mjukuu mgongoni, mpaka kulipokucha. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza habari za maji kama mtu anayeyajua. Binti akapima, mwenzake akaingiza kwenye simu. Mama akaanza kuwapeleka yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba!

Kazi ile iliitwa Ramani Huria. Majaribio yalifanyika Tandale mwaka 2011, na mwaka 2015 ikaanza rasmi kwa kata nyingine za Dar. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Ardhi walishuka mitaani wakati wa mafunzo kwa vitendo, wakatembea na wajumbe na wenyeji, wakachora nyumba, vichochoro, mitaro na maji yanapokwama. Ramani yenyewe ni ya wazi. Yeyote mwenye intaneti anaiona, tena bure. Baadaye vyuo vinne, yaani Dar es Salaam, Ardhi, Sokoine cha Morogoro na SUZA cha Zanzibar, viliungana na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland ili kazi kama hiyo iwe sehemu ya masomo.

Kwa nini nashangilia? Kwa sababu msomi tuliyemzoea alikuja na dodoso. Anakuuliza unakula mara ngapi kwa siku, anaondoka, anapata digrii yake, wewe unabaki na mtaro wako.

Hata hivyo usidhani mambo yalikuwa mteremko. Ramani haina undugu. Ilipobandikwa kwa mjumbe, kila mtu aliona kwamba mitaro mitatu inaishia kwenye kalavati moja, na juu ya mtaro mmoja jirani yetu kajenga choo. Weee! Siku hiyo matusi yaliporomoshwa kama mvua ya masika. Lakini choo kilihamishwa, na vijana tukaingia kuzibua kalavati. Tulitoa magunia ya chupa za plastiki na godoro zima.

Masika iliyofuata maji yalikuja tena, sitakudanganya. Ila yalikaa nusu siku. Zamani yalikuwa yanakaa siku mbili.

Kilichonikaa zaidi kichwani ni yule binti aliponionyesha mto wetu kwenye simu. Akawa anausogeza mstari wa bluu, unapanda, unapanda, mpaka vilima vya Pugu na Kisarawe. "Maji yenu yanaanzia huku, kaka." Jumapili nikadandia gari la Pugu nikaone. Basi huko juu kuna vijito ambavyo mtoto wa shule anaviruka! Nikamkuta mzee mmoja shambani, nikamlalamikia kwamba miti inakatwa huku, sisi tunazama kule. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, na mkaa unapikiwa na nani? Sisi tunakata, nyie mnanunua."

Nikakosa la kujibu. Kila siku jioni nilikuwa nanunua mkaa wa kopo. Wa mjini na wa shamba tunalaumiana, kumbe tumefungwa kamba moja, nayo ni mto.

Sasa turudi kwa mama, maana alikuwa na swali ambalo hakuliacha. Siku ya kubandika ramani alimuuliza yule binti: "Hii ikifika ofisini, itatumika kunichimbia mtaro au kunihamisha?"

Binti hakumdanganya. "Hilo si letu kuamua, mama. Lakini ukiwa nayo na wewe, utakuwa na la kusema."

Mama akaomba nakala. Akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na baadaye wathamini wakaanza kupita. Walipofika kwetu, kijana mmoja akasoma kwenye daftari lake kwamba nyumba ina vyumba vinne. Mama akaingia ndani, akatoka na karatasi yake imeshachakaa mikunjo. Akaitandaza mezani. "Nyumba yangu hii hapa, na banda langu la uani hili hapa, tangu 2018. Vyumba sita. Haya, hesabu upya."

Wakahesabu upya.

Fidia haikumtosha, hakuna anayesema ilimtosha, lakini ya vyumba sita alilipwa. Leo amejenga Pugu, kajumba kadogo, na amepanda miembe pembeni. Nilipomtembelea aliniambia, "Sasa mimi ndiye niko juu ya mto. Nikikata mti hapa, nawazamisha wenzangu wa Kigogo."

Kwa hiyo, mshkaji wangu uliye chuoni, ukienda mtaani kupima, kumbuka kuirudisha ramani kwa wenyewe. Bila hivyo wewe ni mtu wa dodoso tu. Na wewe uliye bondeni, wakibisha hodi na tepu, wafungulie, ila usiwaache waondoke bila kukuachia nakala.

Kwa leo naishia hapa. Mawingu yameanza kujikusanya, na pale kwenye kalavati jana niliona godoro jingine.