Nani ataiambia serikali kwamba omena hufuata mwezi?

Piga *254# kwenye simu yako sasa hivi. Weka nambari ya siri, chagua mkopo, ngoja kidogo. Kama rekodi yako iko safi, pesa zitaingia kabla chai yako haijapoa. Hakuna fomu, hakuna kumngoja meneja wa benki, hakuna kuitishwa hati ya shamba la babu. Hiyo ndiyo Hustler Fund, na haki yake tuipe: tangu Rais William Ruto alipoizindua Novemba 30, 2022, imewafikia watu ambao benki zilikuwa zinawapita kama matatu iliyojaa.

Lakini leo nataka uifikirie ukiwa umesimama mahali pamoja tu: ufuo wa Sori, Karungu.

Kama hujawahi kufika, Karungu ni ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Nyatike, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Homa Bay. Ukitoka Mbita ukashika barabara ya Sindo na Magunga, unatokea Sori, ambao ndio mji wenyewe. Si kijiji kilichoamka jana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa na kituo chao cha utawala Karungu kabla ya kuhamia Kisii. Siku hizi kinachozungusha pesa ufuoni ni samaki, na kwa akina mama wengi samaki maana yake ni omena.

Biashara ya omena ukiiangalia kutoka mbali ni rahisi. Wanaume wanavua, wanawake wananunua, wanakausha, wanauza. Lakini sogea karibu. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimeingia. Taa inaelea juu ya maji, omena wanaifuata, wavu unawazunguka. Ujanja huo unafanya kazi giza likiwa giza kweli. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa yako haimvuti mtu, na mashua nyingi hupumzika hadi giza lirudi.

Kwa hivyo kalenda ya Sori haianzi tarehe 1 na kuisha tarehe 30. Inafuata mwezi wa angani. Sasa lete mkopo wa siku 14 hapo katikati.

Hesabu ya Sh5,000

Tuchukue mama wa mfano, muuzaji wa omena, anayekopa Sh5,000 kwa Hustler Fund. Asilimia 5, yaani Sh250, inawekwa kando kama akiba yake. Anabaki na Sh4,750 mkononi. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na ukiipiga kwa siku 14 haifiki hata Sh16. Sh16 bana! Hiyo si bei hata ya mkate. Shylock wa mtaani akisikia riba hiyo atadhani unamtania.

Kwa hivyo tusidanganyane ati shida ni riba. Shida ni hizo siku 14.

Mama huyu akikopa giza linapoanza, mambo yatakuwa shwari. Atanunua, atakausha, atauza, atarudi kununua tena, na siku ya kulipa itamkuta na kitu. Lakini akikopa giza likielekea kuisha, ananunua mara moja au mbili, mwezi unachomoza, mashua zinavutwa mchangani. Simu yake haijui hayo. Inahesabu tu. Siku ya 14 inafika akiwa hana samaki wa kuuza. Si mvivu, si tapeli. Alikopa wiki mbaya, basi.

Ongeza mvua. Omena wengi hukaushwa juani, wametandazwa juu ya nyavu kuukuu mchangani. Siku ya jua kali wanakauka vizuri na bei inakuwa nzuri. Mvua ikinyesha mchana, wanaloa, wanaanza kuoza, na kilichokuwa chakula cha watu kinauzwa kwa bei ya kutupa kiwe chakula cha kuku. Mtaji umeenda hivyo, mchana mmoja.

Halafu ongeza sheria yenyewe. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Ni sheria nzuri, maana ziwa likiisha sote tumeisha. Lakini fikiria mtu aliyekopa Machi 25. Deni lake linaiva Aprili 8, wiki moja baada ya serikali hiyohiyo kufunga biashara yake kwa miezi 4. Mkono mmoja umempa pesa, mkono mwingine umefunga ziwa, na mikono hiyo miwili haijawahi kusalimiana.

Utaniuliza, kwani akichelewa itakuwaje? Riba inapanda hadi asilimia 9.5, na hiyo bado ni ndogo. Kinachouma ni rekodi. Kiwango chake cha kukopa hakipandi, na mlango ule uliofunguka kwa mara ya kwanza unafungwa usoni mwake. Hapo zinabaki njia za zamani: shylock, zile programu za mikopo za kutisha watu kwa meseji, au jaboya.

Kama hujui jaboya, ni ule mtindo wa baadhi ya fuo za ziwa hili ambapo mwanamke asiye na pesa za kununua samaki analipa kwa mwili wake. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi ya juu zaidi ya HIV nchini, na jaboya imetajwa miaka mingi kama moja ya sababu. Kwa hivyo tukizungumza kuhusu muda wa mkopo hatuzungumzii karatasi tu. Mwanamke aliye na pesa zake mkononi alfajiri mashua zinapofika anajadiliana bei ya samaki. Asiyekuwa nazo analazimishwa kujadiliana mambo mengine.

Mifuko mingi, kalenda moja

Kenya haijakosa sera. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka wa 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyofanya dunia ianze kuichukulia sekta isiyo rasmi kwa uzito. Mwaka wa 1992 serikali ikatoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Hazina ya Vijana ikaja 2006, ya Wanawake 2007, Uwezo 2013, Hustler 2022. Kila utawala unaacha mfuko wenye jina lake.

Sheria ya biashara ndogo ya 2012 ilipotungwa ilisema ukiuza bidhaa zisizozidi Sh500,000 kwa mwaka na una wafanyakazi chini ya 10, wewe ni biashara ndogo kabisa. Sawa. Lakini kikapu hicho kinambeba mama mboga wa Gikomba anayemaliza sukuma wiki jioni na kununua nyingine alfajiri, na kinambeba pia mama wa Sori anayengoja giza. Wa kwanza siku 14 kwake ni mizunguko 14 ya pesa. Wa pili anaweza kupata mizunguko 3, au asipate hata mmoja. Mkopo uliandikwa ukimtazama yule wa kwanza.

Na tatizo la biashara kufa si hadithi. Utafiti wa Shirika la Takwimu la KNBS wa mwaka wa 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kadiri milioni 7.41 nchini. Zilizokuwa na leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Na katika miaka 5 iliyotangulia, biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa. Sisi tulioacha chuo njiani tumeambiwa mara ngapi, "Anzisha biashara"? Kuanzisha hakujawahi kuwa kazi ngumu Kenya. Kufika mwaka wa pili ndio mtihani.

Wao wakikukopa je?

Hapa ndipo hadithi inanichoma. Tangu 2013 kuna mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na walemavu. Karatasi nzuri sana. Unasajili biashara kwa eCitizen, unapata PIN ya KRA na cheti cha kuonyesha umelipa ushuru, unaomba cheti cha AGPO bila malipo. Kijana wa Karungu anaweza kuuzia shule au hospitali ya umma vitabu, mboga, hata samaki.

Lakini muulize yeyote aliyewahi kuiuzia serikali. Unaleta bidhaa leo, unalipwa lini? Kufikia Juni 2024, kulingana na Msimamizi wa Bajeti, kaunti zetu kwa jumla zilikuwa na madeni yaliyolimbikizana ya zaidi ya Sh150 bilioni. Ndani ya hizo bilioni kuna wafanyabiashara wadogo waliouza, wakapokea risiti, wakaanza kungoja.

Sasa pima mwenyewe. Wewe ukikopa serikali, una siku 14. Serikali ikikukopa wewe, hakuna tarehe.

India walijaribu kulimaliza hili kwa sheria. Tangu 2006, anayenunua kwa biashara ndogo lazima alipe ndani ya siku 45. Akichelewa, anatozwa riba ya mara 3 ya ile ya benki kuu. Sisemi kule kila mtu analipa kwa wakati, lakini angalau mwenye duka dogo ana kifungu cha kushika. Hapa kwetu mswada wa kulazimisha malipo ya haraka umewahi kufika bungeni. Miswada ya aina hiyo haina haraka.

Nini kifanyike

Najua kuna atakayesema ukiwapa watu muda mrefu hawatalipa. Ni kweli wapo waliochukua Hustler Fund kama takrima ya kampeni wakatupa laini. Hao siwatetei. Lakini huwezi kumpima mama wa omena kwa kalenda isiyo yake halafu umuite mdaiwa sugu.

Na serikali yenyewe inajua kurefusha muda ikitaka. Wakopaji wa Hustler wenye rekodi nzuri walitangaziwa mkopo wa hadi siku 30. Siku 30 ni mwezi mzima wa angani, giza na mbalamwezi. Mkopo wa kwanza wa mtu wa ufuoni ungeanzia hapo, badala ya kuwa zawadi ya baadaye. Na Uwezo, ambao ulianzishwa kwa Sh6 bilioni zilizokuwa zimetengwa kwa duru ya pili ya urais 2013, hauna riba, una ada ya asilimia 3, na unawapa vikundi miezi 6 ya kupumua kabla ya kuanza kulipa. Miezi 6 inavuka msimu mzima wa kufungwa ziwa! Shida ni kwamba Uwezo unangoja kamati ya eneo bunge, na kamati haina spidi ya *254#. Unganisha spidi ya huu na subira ya ule, utakuwa na mkopo unaoelewa Karungu.

Pili, vichanja. Omena wakianikwa juu ya vichanja vya mbao na wavu, hewa inapita chini, mchanga hauwaingii, na mvua ikitisha ni rahisi kuwafunika. Kichanja hakihitaji mkandarasi kutoka Nairobi. Fundi wa Sori anakijenga. Lakini hakipigiwi picha ya kukata utepe, labda ndiyo sababu.

Na wewe msomaji, hasa kama uko upande huo wa ziwa, kuna mambo mawili ya kufanya bila kungoja mtu. La kwanza: usikope kwa sababu simu imekubali. Tazama juu kwanza. Kopa giza likianza, na ukiona Machi imekatika katikati, achana na mkopo wa siku 14 kabisa. Kama mna chama kilichosajiliwa, ulizeni mkopo wa vikundi wa Hustler, wa kuanzia Sh20,000 hadi Sh1 milioni kwa riba ya asilimia 7, au mwende ofisi ya Uwezo ya eneo bunge lenu.

La pili: kaunti inatakiwa na sheria kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na waraka wa mwelekeo wa bajeti kufikia Februari 28. Kabla ya hapo kunakuwa na vikao vya maoni ya umma. Vingi huhudhuriwa na watu walewale, wanakunywa soda, wanatia sahihi, wanaenda. Nenda na wenzako wa ufuoni. Msiseme "tusaidieni". Semeni "vichanja 20 ufuo huu", mtaje ufuo wenyewe kwa jina, na mhakikishe imeandikwa. Baadaye mkiuliza vilienda wapi, kutakuwa na karatasi ya kujibu.

Aliyetunga mkopo wa siku 14 huenda hajawahi kulala Sori usiku wa mbalamwezi akaona mashua zote zimekaa. Hilo si kosa lake. Lakini akishaambiwa na bado asibadilishe, hapo itakuwa kosa.