Kwa nini mama anarudi kufuta kesi

Anayeketi kwa muda kwenye kitengo cha polisi cha watoto na familia, iwe Bwizibwera au makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, atauona mwendo huu. Mama anafika jicho limevimba, anaandikisha maelezo, anapewa fomu ya PF3 akapimwe kituo cha afya. Mume anakamatwa. Wiki haijaisha, mama yuleyule yuko tena kaunta, amembebea mahabusu chakula, nyuma yake shemeji wawili. Anaomba mumewe aachiliwe. "Tumeshaongea nyumbani," anasema. Faili linafungwa, na hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba hawa wamezoeana, waachwe.

Siikubali hukumu hiyo ya mnong'ono. Mama anayerudi kufuta kesi amefungwa na kamba nyingi, na mapenzi ni mojawapo tu.

Wanasaikolojia wamelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1979 Mmarekani Lenore Walker alieleza mzunguko wa nyumba ya kipigo: hasira inajaa, inapasuka, kisha zinafuata siku za kuomba radhi na ahadi tamu. Miaka miwili baadaye Donald Dutton na Susan Painter, wa Kanada, wakaonyesha kwamba upole unaokuja mara mojamoja baada ya mateso humfunga mtu kuliko upole wa kila siku. Likaja pia wazo la utegemezi wa pande mbili, lililozaliwa Marekani miongoni mwa familia za walevi na kuenezwa na Melody Beattie mwaka 1986: mmoja anaharibu, mwenzake anaishi kwa kuziba anayoyaharibu, na hakuna anayejiona mzima bila mwingine.

Mshauri nasaha anaweza kulitumia wazo hilo kwa faida. Mahakamani linatisha, kwa sababu linauhamisha ugonjwa kutoka kwa mpigaji kwenda kwa aliyepigwa. Wakili wa mshtakiwa atauliza swali moja tu: kama ulikuwa unaumia, mbona ulirudi?

Jibu la swali hilo, ukienda Nakivale, limeandikwa kwenye karatasi. Makazi haya ya wilaya ya Isingiro yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo Wakongomani ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali na wengine, na wengi wao hugombana na kupatanishwa kwa Kiswahili. Familia nzima huandikwa kwenye atestesheni moja, yaani cheti cha usajili wa wakimbizi, mkuu wa familia juu, wengine chini yake. Kiwanja cha kujenga na kulima hutolewa kwa kaya. Msaada wa chakula au pesa huhesabiwa kwa kaya. Faili la kwenda kuishi nchi ya mbali, ndoto inayosubiriwa miaka na miaka, nalo ni la familia. Mama akitaka kujitenga, lazima aombe karatasi igawanywe, na wengi wanaogopa kwamba kuigusa karatasi ni kuirudisha safari nyuma. Kisha Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaishiwa fedha na kuwaondoa karibu wakimbizi milioni moja walioko Uganda kwenye orodha ya msaada. Katika njaa ya namna hiyo, mwanamume anayepata kibarua cha kulima shamba la mtu, hata kama anapiga, ndiye sufuria ya jioni.

Mwanamume naye ana kamba yake. Mtafiti Simon Turner, aliyeishi na Warundi katika kambi ya Lukole, Ngara, Tanzania, miaka ya 1990, aliwasikia wakisema kwamba UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, limekuwa mume bora kuliko wao. Shirika ndilo linalolisha, linalotibu, linalojenga. Baba aliyeacha shamba na heshima yake ng'ambo ya mpaka anabaki na mke kama mahali pa mwisho pa kujiona mkubwa. Namweleza hivyo bila kumtetea. Mtu asiyejiona mzima bila mke wa kumtawala ni wa hatari zaidi siku mke huyo anapoonyesha dalili za kuondoka, na ndiyo maana siku za kufungua na kufuta kesi zinataka uangalizi kuliko zote.

Bwizibwera, kwenye barabara ya Ibanda, ambako makao ya wilaya ya Mbarara yalihamia baada ya Mbarara kuwa jiji mwaka 2020, hakuna atestesheni. Kuna ng'ombe. Mahari, enjugano ya Wanyankole, ikishalipwa huenda imemwoza kaka wa bibi harusi, na dada akirudi nyumbani na majeraha anaulizwa ng'ombe wa kurudisha watatoka wapi. Shirika la kutetea wanawake la MIFUMI lililipeleka suala hilo mahakamani, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikatamka kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Uamuzi ule ni mkubwa, lakini kaka mwenye ndoa iliyojengwa kwa ng'ombe wale hajausoma, na migomba anayoilima dada iko kwenye ardhi ya ukoo wa mume.

Mwaka 2022 polisi wa Uganda waliandikisha kesi 17,698 za ukatili wa nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake waliowahi kuolewa wameonja ukatili wa mume. Linganisha namba hizo mbili, uone ni wachache kiasi gani wanaofika kaunta hata mara moja.

Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 iliyaona haya mapema. Inasema ridhaa ya aliyetendewa si utetezi. Inaitaka mahakama ya baraza la mtaa (LC) iipeleke kesi polisi na kwa hakimu ikiwa mtuhumiwa anarudia kosa au anaelekea kudhuru tena, kwa hiyo kipigo cha pili si cha kumalizwa kwa kreti ya soda barazani kwa mwenyekiti. Adhabu ni hadi miaka miwili jela, au faini, au vyote. Juu ya hayo kuna amri ya ulinzi: hakimu anaweza kumkataza mume kumtishia mke au kumsogelea, akamwagiza atoe matunzo, bila kumfunga.

Amri hiyo ndiyo inayonikera kwa kutotajwa inavyostahili. Akina mama wengi hawataki baba watoto afungwe. Wanataka aache kupiga. Wakiwekewa jela upande mmoja na msamaha upande wa pili, watachukua msamaha, maana jela haileti unga. Nakivale ilianza kutembelewa na mahakama mwaka 2013 ili watu wasilazimike kufuata haki hadi mjini Isingiro, na hakimu aliyekuja hadi pale ana uwezo wa kuitoa amri hiyo.

Basi mama anapokuja kufuta kesi, shemeji watolewe nje kwanza. Aulizwe akiwa peke yake, kwa lugha anayoielewa: umekuja na nani, jina la nani liko juu kwenye atestesheni, leo utalala wapi, alishawahi kukupiga kabla ya hapa. Majibu yaingie kwenye faili pamoja na ombi lake. Hata akikataa kusema lolote, PF3 ipo, mganga aliyemshona yupo, na jirani aliyesikia kelele usiku anaweza kuitwa.